Vumbi la mugodi na mutoto wa tumboni: miaka mia moja ya historia katika Lualaba

KOLWEZI, jimbo la Lualaba. – Mama mwenye kuzaa mutoto mwenye kilema katika muji huu anasikia maulizo matatu mbele hata hajatoka kwenye kitanda cha kituo cha afya. Ulikula nini? Ulimukosea nani? Mutoto huyu ni wa nani? Ni mara chache mutu anamuuliza ulizo la nne: wakati wa mimba mulikuwa munaishi wapi, na baba ya mutoto anafanya kazi gani?

Ulizo hilo la nne lina historia ndefu katika inchi hii ya shaba. Inaanza zamani, wakati Wabelgiji walikuwa wakipima watoto wetu kwa mizani, na inafika mupaka Kasulo, ambako familia mingi ziliondoka na vyombo vyao kichwani. Inagusa kila mwanamuke aliyebeba mimba karibu na mugodi, na watoto waliozaliwa kisha kuhamia mitaa mingine au vijiji vingine. Ni muzuri kuisimulia pole pole, juu mutu asiyejua vumbi lilitoka wapi hawezi kujua aulize nani.

Wakati kampani ilikuwa ikipima watoto

Union Minière du Haut-Katanga ilianzishwa tarehe 28 mwezi wa kumi mwaka wa 1906. Mwaka wa 1911 shaba ya kwanza ikamiminwa katika kiwanda cha Lubumbashi. Katika miaka ya kwanza kampani ilitafuta wanaume peke yao, bila wake, na wengi walitoka mbali: Rhodesia ya Kaskazini, Angola, Kasai, kisha Ruanda-Urundi. Waliishi kambini, magonjwa yakawaua wengi, wengine wakakimbia kazi. Kila mutu aliyekufa ao kukimbia ilikuwa hasara, juu kampani ilikuwa imelipa feza ili kumuleta.

Toka katikati ya miaka ya 1920 wakubwa wa kampani wakabadilisha mupango. Wakaanza kutoa mikataba ya miaka mitatu, na mufanyakazi akatiwa moyo aje na muke. Muke akapata posho, watoto pia wakapata posho. Nyumba za kuzalia zikajengwa kambini. Munganga Léopold Mottoulle, aliyekuwa mukubwa wa idara ya wafanyakazi weusi, ndiye aliyeeleza siasa hiyo katika maandishi yake: kampani ilitaka familia zenye afya, na watoto wanaokomaa karibu na kazi. Wamama wakapangwa mustari, watoto wakatiwa kwenye mizani, kilo zikaandikwa katika kitabu.

Wazee wengi wa Kolwezi na Likasi walizaliwa hivyo, na wengi wanakumbuka wakati ule kwa uzuri. Maziwa yalikuwako, unga ulikuwako, munganga alikuwako. Haifai kukana jambo hilo. Lakini sababu ya kupima ilikuwa wazi: mutoto wa leo ni mufanyakazi wa kesho. Mizani ilionyesha kilo. Haikuonyesha kitu kingine kilichoingia mwilini mwa mama pamoja na hewa na maji.

Na kitu hicho kilikuwa kinaonekana kwa macho. Kule Lubumbashi, upande ambao upepo ulipeleka moshi wa kiwanda, miti ilikufa na udongo ukabaki bila majani. Alama hiyo iko mupaka leo. Huku Kolwezi, muji ulioanza kujengwa mwisho wa miaka ya 1930 kwa ajili ya migodi ya upande wa mangaribi, kambi ziliwekwa karibu kabisa na mashimo. Musonoi, Kapata, Luilu: majina ya mitaa hii ni majina ya kazi. Kiwanda cha Luilu kilianza mwaka wa 1960 kutoa shaba na kobalti. Masalio ya mawe yaliyosagwa yalitupwa kwa miaka mingi Kingamyambo na katika bonde la muto Musonoi, na leo kuna kampani inayoyachota tena ili kutafuta kobalti iliyobaki ndani. Kama bado kuna utajiri wa kutosha ndani ya matope yale kwa kufungua kiwanda kizima, musomaji anaweza kujiuliza mwenyewe ni kitu gani kilikuwa kinakaa katika maji ya mabonde yale miaka yote ile.

Vumbi linaingia nyumbani

Nyuma ya uhuru, Union Minière ikachukuliwa na serkali. Tarehe 1 mwezi wa kwanza mwaka wa 1967 kampani ya taifa ikaanza kazi, na jina lake likakuja kuwa Gécamines. Katikati ya miaka ya 1980 ilikuwa ikitoa shaba zaidi ya tani 400,000 kwa mwaka. Kisha ikaanguka. Mwezi wa kenda mwaka wa 1990 sehemu ya mugodi wa Kamoto chini ya udongo ikabomoka. Miaka ya 1992 na 1993 familia za asili ya Kasai zikafukuzwa Likasi na Kolwezi, zikalala kwenye gare zikingoja treni. Mwaka wa 1994 Gécamines haikufikisha hata tani 50,000 za shaba. Mwaka wa 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 wakaondolewa katika kile kilichoitwa kuondoka kwa mapenzi.

Hospitali za kampani zikapoteza dawa, mizani ya watoto ikanyamaza, posho ikaisha. Lakini mawe yalibaki. Baba aliyekuwa akivaa kofia na viatu vya kazi akaanza kuchimba kwa mikono yake, bila kinga. Watoto wake wakaosha mawe katika muto, muke wake akayaponda na kuyapepeta. Wakati wa Gécamines, nguo nyingi za kazi zilibaki kazini. Wakati wa wakrezeri, mufuko wa mawe ulianza kulala ndani ya chumba kimoja na mutoto.

Hapo ndipo historia ya mugodi na historia ya mimba zilipoungana kabisa. Mugodi haukuwa tena mahali ambapo mwanaume anakwenda asubui na kurudi jioni. Uliingia lupangoni.

Kasulo, mwaka wa 2014

Hakuna mahali jambo hilo lilionekana wazi kupita Kasulo. Mwaka wa 2014 wakaaji waligundua kwamba kobalti iko chini ya nyumba zao. Kwa muda mufupi mutaa ukageuka mugodi. Mashimo yalichimbwa katika malupango, kando ya vyoo, hata ndani ya vyumba. Udongo uliotoka chini ulirundikwa mbele ya milango. Wamama waliendelea kupika nje, watoto waliendelea kucheza juu ya marundo hayo, na wanawake wenye mimba waliendelea kufagia vumbi lile kila asubui.

Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, pamoja na wenzao wa vyuo vikuu vya Leuven na Gent katika Ubelgiji, walifika kupima. Walikuwa chini ya uongozi wa profesa Célestin Banza Lubaba Nkulu na profesa Benoit Nemery. Walichukua damu na mukojo wa wakaaji 72 wa Kasulo, kati yao watoto 32, wakawalinganisha na watu wa mutaa wa jirani usiokuwa na mugodi. Matokeo yalitangazwa mwaka wa 2018. Watoto wa Kasulo walikuwa na kobalti katika mukojo mara kumi kupita watoto wa kwingine. Kiasi hicho kilipita kile kinachokubaliwa kwa mufanyakazi wa kiwanda katika Ulaya. Uranium na manganezi pia zilikuwa juu. Na katika miili ya watoto hao kulikuwa alama za kuharibika kwa DNA, ni kusema ile maandishi ya ndani ya mwili ambayo muzazi anampa mutoto.

Haikuwa mara ya kwanza. Mwaka wa 2009 kundi hilohilo la Lubumbashi lilikuwa limekwisha kutangaza vipimo vya watu 351 wa Katanga. Wale waliokaa chini ya kilomita tatu kutoka mugodi ao kiwanda walikuwa na kobalti, arseniki, kadimiamu, risasi na uranium nyingi katika mukojo kupita wale wa mbali. Watafiti waliandika kwamba kobalti ya namna hiyo haikuwa imeonekana bado kwa wakaaji wa kawaida mahali popote katika dunia.

Mwaka wa 2017 sehemu ya Kasulo ikazungushiwa ukuta, uchimbaji ukawekwa chini ya kampani moja yenye kununua madini, na mamia ya familia zikahama. Wengine walipewa feza, wengine nyumba. Kile kilichozungumuzwa kilikuwa ni vyumba, mabati na kipande cha udongo. Lakini mama aliyetoka Kasulo na mimba ya miezi mitatu hakuacha vumbi nyuma ya ukuta. Alilibeba pamoja naye, katika damu.

Ulizo la nne linapata jibu

Kati ya mwezi wa tatu mwaka wa 2013 na mwezi wa pili mwaka wa 2015, waganga wa Lubumbashi walifanya kazi ngumu ya uvumilivu. Waliandika kila mutoto aliyezaliwa na kilema chenye kuonekana kwa macho katika muji. Walipata watoto 138. Kwa kulinganisha, wakachukua watoto 108 waliozaliwa bila kilema. Wakapima madini katika damu ya mama, katika kitovu, katika kondo la nyuma, na wakauliza wazazi wanafanya kazi gani. Matokeo yalitangazwa mwaka wa 2020 katika gazeti la elimu la Uingereza, The Lancet Planetary Health.

Jibu kubwa liligusa baba. Watoto ambao baba zao walikuwa na kazi ya mugodi ao ya mawe walikuwa katika hatari ya kilema karibu mara tano na nusu kupita wengine. Hesabu hiyo inapashwa kusomwa kwa akili. Watu waliopimwa hawakuwa wengi sana, kwa hiyo watafiti wenyewe waliandika kwamba ukweli unaweza kuwa popote kati ya mara 1.2 na mara 25. Kitu kimoja kinabaki: kazi ya baba ilihesabika. Inawezekana mwanaume alileta vumbi nyumbani juu ya nguo na nywele. Inawezekana pia mbegu yake iliharibika mbele ya mimba kuingia. Utafiti mwengine, uliofanyika Lubumbashi na kutangazwa mwaka wa 2020, ulionyesha kwamba wanaume wenye kazi ya mugodi wanalalamika zaidi juu ya upungufu wa nguvu za kiume.

Jibu la pili lilishangaza wengi. Ukiacha manganezi na zinki zilizokuwa juu katika damu ya kitovu, wamama wa watoto wenye kilema na wamama wengine hawakuachana sana kwa madini. Mutu mwenye haraka anaweza kusema basi madini hayana kosa. Lakini fikiri: ukitaka kujua kama moshi unaleta kikohozi, na watu wote uliowapima wanakaa ndani ya nyumba moja yenye moshi, utaona tofauti gani? Wamama wote wa Lubumbashi wanapumua hewa ya inchi moja ya shaba.

Jibu la tatu ni la kutia moyo. Wamama waliokunywa vitamini wakati wa mimba walikuwa katika hatari ndogo sana, karibu sehemu moja juu ya tano. Hapo kuna kitu ambacho familia inaweza kufanya, na tutakirudilia.

Tumbo linasikia kila kitu

Vilema vya Lubumbashi vilikuwa vile vinavyoonekana siku ya kuzaliwa. Lakini kuna uharibifu mwengine usioonekana siku ile, juu unagusa njia ya uzazi ya mutoto mwenyewe. Ili kuuelewa, inafaa kutoka Katanga kidogo.

Mutoto wa tumboni haanzi kama kijana ao binti. Katika majuma ya kwanza sehemu zake za uzazi ni sawa. Kuanzia juma la sita ao la saba, kama ni kijana, korodani zinaanza kujijenga, na kati ya juma la nane na la kumi na ine hivi, homoni zake zinatoa amri: hapa jenga hivi, pale funga hivi. Homoni ni kama mujumbe anayebeba barua. Sasa kuna vitu vinavyoingia mwilini na kuvaa nguo za mujumbe huyo. Vinabeba barua ya uongo, ao vinafunga mulango ili barua ya kweli isiingie. Mama anaweza asisikie kitu chochote. Lakini kama amri ilikosewa katika juma la kumi, hairudiliwi tena.

Dunia ilijifunza jambo hilo kwa uchungu. Mwaka wa 1938 Charles Dodds na wenzake katika Uingereza walitengeneza dawa yenye kufanya kazi kama homoni ya mwanamuke, wakaiita diethylstilbestrol. Waganga wa Marekani na Ulaya wakawapa wamama mamilioni, wakiamini itazuia mimba kutoka. Wamama walikuwa wazima, watoto walizaliwa wakiwa wazuri. Mwaka wa 1971 waganga wa Boston wakatangaza wasichana wanane wenye kansa ya uke ambayo haikuwa ya umri wao. Walikuwa na miaka 15 mupaka 22. Wamama saba kati ya wanane walikuwa wamekunywa dawa ile wakati wa mimba. Nyuma yake ikaonekana kwamba mabinti wengine wa dawa hiyo wana tumbo la uzazi lenye umbo lisilofaa na mimba zinawatoka, na kwamba vijana wengine walizaliwa korodani hazijashuka. Kutoka dawa mupaka jibu ilipita miaka 33. Muda wote ule hakuna aliyemuuliza mama alikunywa nini miaka kumi na tano iliyopita.

Afrika pia ina somo lake. Katika wilaya ya Vhembe, jimbo la Limpopo, Afrika Kusini, nyumba zilipulizwa DDT kwa miaka mingi ili kuua mbu wa malaria. Profesa Riana Bornman na wenzake walichunguza vijana 3,310 waliozaliwa kati ya 2004 na 2006. Kati yao 357 walikuwa na kasoro ya njia ya mukojo ao ya uzazi: korodani hazijashuka, ao tundu la mukojo haliko mahali pake. Wamama waliokaa katika vijiji vilivyopulizwa dawa walikuwa na hatari ya asilimia 33 zaidi ya kuzaa kijana wa namna hiyo. DDT iliokoa watu wengi na malaria, hilo ni kweli. Lakini wamama wa Vhembe hawakuwa wameambiwa upande wa pili wa hesabu.

Na madini je? Mwaka wa 2003 watafiti wa Marekani walionyesha kwamba kadimiamu, hata kidogo, inaweza kuvaa nguo za homoni ya mwanamuke. Panya waliopata kadimiamu tumboni mwa mama yao walikomaa mbele ya wakati, na matiti yao yakajijenga kwa namna nyingine. Risasi na arseniki pia zimeonekana kuvuruga kazi ya homoni. Panya si mutu, na musomaji asifunge hesabu mbio. Lakini kadimiamu, risasi na arseniki ni zile zile zilizopatikana katika mukojo wa wakaaji wa Katanga mwaka wa 2009. Ndiyo sababu historia ya Boston na ya Vhembe inatuhusu sisi wa Kolwezi.

Sauti za mito

Mwezi wa tatu mwaka wa 2024 mashirika mawili, RAID ya Uingereza na AFREWATCH ya kwetu Kongo, yalitoa ripoti juu ya maji karibu na migodi mikubwa ya kobalti ya upande wetu. Walizungumuza na watu 144 katika vijiji na miji 25. Asilimia 56 walisema kwamba afya ya uzazi ya wanawake na wasichana imeguswa: siku za mwezi zinavurugika, magonjwa ya njia ya mukojo yanarudia, mimba zinatoka, na mara nyingine watoto wanazaliwa na kilema. Wengi wao wanafua, wanaoga na kulimia kwenye maji ya mito inayopita kando ya migodi.

Masimulizi ya watu si kipimo cha damu. Mimba inaweza kutoka kwa malaria, kwa njaa, kwa kazi nzito, kwa ugonjwa ambao haukutibiwa. Kampani ikijibu hivyo, haisemi uongo. Lakini kipimo nacho hakitoki mbinguni: kinafanyika pale mutu anapokiomba na mwengine anapokilipia. Utafiti wa Kasulo na wa Lubumbashi ulipima siku moja ao mbili katika maisha ya mutoto. Haukufuata mutoto mupaka abalehe, ndipo uzazi wake unapojulikana. Mutoto aliyekuwa tumboni Kasulo mwaka wa 2014 sasa anaingia katika umri huo. Yuko wapi? Familia yake ilihamia mutaa gani? Nani ana daftari yenye jina lake?

Hapo ndipo kuhama kunapokuwa jambo la afya, si la nyumba peke yake. Familia ikihamishwa, karte ya mutoto inapotea, muuguzi aliyemujua mama anabaki nyuma, na munganga wa mahali papya anamuona mugonjwa asiyekuwa na historia. Union Minière iliandika kilo za kila mutoto kwa sababu ilimuhitaji kazini. Leo, wakati sehemu kubwa ya kobalti ya dunia inatoka katika udongo wetu, mutoto aliyehama hana hata kitabu kile.

Sheria inatoa mulango. Kanuni ya madini iliyobadilishwa mwezi wa tatu mwaka wa 2018 inasema kampani inapashwa kurudisha hasara iliyoleta kwa watu, mali na mazingira. Inatenga pia sehemu 0.3 juu ya mia ya mauzo kwa maendeleo ya wakaaji wanaoguswa na mugodi, na asilimia 15 ya kodi ya madini kwa mamlaka za mahali kama vile miji, komini na machifu. Feza hizo zinajenga masomo na kuchimba visima, na hilo ni jema. Zingeweza pia kulipa daftari ya vizazi katika kila kituo cha afya kilicho karibu na mugodi, na kipimo cha maji chenye kutangazwa kwa watu. Wawakilishi wa mitaa wanaokaa katika kamati hizo wana haki ya kuomba jambo hilo na jibu liandikwe.

Nyumbani, leo

Wakati daftari hizo zinangojewa, kuna mambo ambayo familia inaweza kufanya bila kungojea mutu.

Mwanamuke mwenye mimba asifike kwenye kituo cha afya mwezi wa saba. Majuma yale ya amri, toka juma la sita mupaka la kumi na ine, yanapita mbele tumbo halijaonekana. Kwa hiyo aende CPN mara tu anapojua, akunywe vidonge vya chuma na asidi ya foliki anavyopewa, asivigawe wala kuviuza. Amwambie muuguzi kazi ya bwana wake na mahali walipokaa mbele ya kuhama, na aombe iandikwe kwenye karte.

Mawe na mufuko wa mawe visilale ndani ya nyumba. Mwanaume avue nguo za kazi inje, aoge mbele ya kubeba mutoto ao kukaribia muke wake. Nguo hizo zioshwe peke yake, na si mwanamuke mwenye mimba azioshe. Nyumba inyunyiziwe maji kidogo mbele ya kufagia, ili vumbi lisiruke. Mwenye mimba asiponde, asipepete, asioshe mawe. Hapo neno la mwisho ni la bwana na la mama mukwe, juu mara nyingi njaa ndiyo inayomupeleka mwanamuke mutoni, na yeye peke yake hawezi kukataa.

Mutoto akizaliwa, wazazi waombe muuguzi aangalie mwili wote. Kama ni kijana, je, korodani zote mbili zimeshuka? Tundu la mukojo liko mahali pake? Korodani isiyoshuka inaweza kushuka yenyewe katika miezi sita ya kwanza. Ikipita hapo, mutoto apelekwe kwa munganga mupasuaji mbele hajakomaa, juu upasuaji wa mapema unalinda uzazi wake wa kesho. Kwa binti, mama aandike siku zake zilianza lini na zinakwendaje. Kasoro hizi zinapatikana duniani kote, hata mahali pasipokuwa mugodi, na nyingi zinatibika. Dawa ya kwanza ni kuziona mapema.

Na maulizo yale matatu ya mwanzo, yale ya chakula, ya ulozi na ya uzinzi, yafikie mwisho wao. Mama wa Vhembe hakumukosea mutu. Mama wa Boston alikunywa kile munganga alichomupa. Mama wa Kasulo alifagia mbele ya mulango wake mwenyewe. Mwenye kumufukuza muke juu ya mutoto mwenye kilema, na yeye mwenyewe anarudi kila jioni na vumbi la kobalti katika mikunjo ya suruali, aanze kwa kujiuliza ulizo la nne.